Udhibiti wa shinikizo la mafuta katika injini za boti zenye kabureta

Udhibiti wa shinikizo la mafuta ni kazi ya kuhakikisha kwamba petroli inafika kwenye kabureta ya injini kwa msukumo unaotosha, bila kuzidi uwezo wa kabureta hiyo kuizuia. Mafundi wengi huita shinikizo hilo presha ya mafuta. Kazi hii inahitajika hasa pale injini inayopachikwa nyuma ya boti au mtumbwi inapofungwa pampu ya umeme badala ya pampu iliyotoka nayo kiwandani.

Mazingira ya Ziwa Viktoria

Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Upande wa Tanzania, jiji la Mwanza ni kituo kikubwa cha uvuvi na biashara ya samaki, likiwa na soko la Kirumba. Injini za kupachika husukuma vyombo vya wavuvi wa sangara na dagaa, pamoja na boti za abiria na mizigo ziendazo visiwani, kama vile Ukerewe, Ukara na Kome.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na ngurumo na dhoruba za ziwani hutokea zaidi usiku na alfajiri. Kwa hiyo injini inayozimika kwa kukosa mafuta, au kwa kuyapata kupita kiasi, si hasara ya fedha tu. Chombo kisicho na nguvu hugeuzwa ubavu na mawimbi na kinaweza kujaa maji au kupinduka.

Kabureta inavyozuia mafuta

Chini ya kabureta kuna bakuli dogo la petroli. Ndani yake kuna boya linalopanda na kushuka kufuatana na kina cha mafuta. Bakuli likijaa, boya husukuma sindano ndogo juu hadi izibe tundu la kuingizia mafuta. Mafuta yakipungua, boya hushuka na tundu hufunguka tena.

Sindano hiyo inashindana na shinikizo la pampu. Tundu lenye kipenyo cha milimita 2 lina eneo la milimita za mraba 3.14. Shinikizo likiwa kilopaskali 20 (kPa), sindano husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 6 hivi, na boya huweza kuihimili. Shinikizo likiwa kPa 300, kama katika injini nyingi zinazopulizia mafuta kwa nozeli, nguvu hiyo hufikia karibu gramu 96. Boya dogo haliwezi kuizuia, hivyo petroli hufurika.

Pampu ya asili

Katika injini ya mipigo miwili, pistoni inapopanda huvuta hewa katika chumba cha krenki, na inaposhuka huigandamiza. Mipwito hiyo hupitia tundu dogo na kutikisa kiwambo chembamba cha pampu, chenye vali mbili zinazoruhusu mafuta kwenda upande mmoja tu. Katika injini nyingi za mipigo minne, kiwambo husukumwa na mtambo unaofungua vali za injini. Kwa kawaida pampu za aina hizi hutoa takriban kPa 15 hadi 40, yaani pauni 2 hadi 6 kwa inchi ya mraba (psi).

Pampu ya asili ina usalama wake: injini ikisimama, nayo husimama. Haihitaji betri, jambo muhimu kwa injini ndogo zinazowashwa kwa kuvuta kamba.

Kukagua kabla ya kubadilisha pampu

Si kila injini inayokosa mafuta ina pampu mbovu. Mambo ya kukagua kwanza ni haya:

- kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, ambacho kikiachwa kimefungwa tangi hushindwa kutoa mafuta;
- mpira wa mafuta uliopasuka au klipu zilizolegea, ambazo huvuta hewa badala ya petroli;
- filta iliyojaa uchafu au maji;
- kiwambo cha pampu kilichotoboka au kukakamaa.

Jaribio rahisi ni kubinya pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta wakati injini inataka kuzimika. Ikirudisha nguvu, tatizo liko katika ufikishaji wa mafuta. Mara nyingi kiwambo kipya humaliza tatizo kwa gharama ndogo kuliko pampu ya umeme.

Pampu ya umeme na kidhibiti

Pampu ya umeme inayofaa ni ile ya shinikizo dogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta. Pampu ya gari linalopulizia mafuta kwa nozeli haifai. Hata pampu ya kabureta inaweza kutoa shinikizo kubwa kuliko linalotakiwa na injini ndogo, na hapo ndipo kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regyuleta, hutumika.

Ndani ya kidhibiti kuna kiwambo na springi. Katika aina ya kwanza, shinikizo upande wa kabureta likifika kiwango kilichowekwa, kiwambo hufunga njia. Katika aina ya pili, mafuta ya ziada hurudishwa kwenye tangi kwa mpira mwingine. Kukaza skrubu ya springi huongeza shinikizo, na kuilegeza hulipunguza.

Pampu ya mipwito ikiondolewa, tundu lililoiunganisha na chumba cha krenki lazima lizibwe kabisa. Likiachwa wazi, hewa huingia kwenye injini, mchanganyiko hukosa mafuta na pistoni inaweza kuungua.

Namna ya kurekebisha

Kazi hii hufanyika ufukweni, mahali penye hewa ya kutosha na pasipo moto wala sigara.

1. Kiwango kinachotakiwa husomwa katika kitabu cha injini.
2. Geji hufungwa kati ya kidhibiti na kabureta.
3. Skrubu hulegezwa ili kuanza na shinikizo dogo.
4. Pampu huwashwa kabla ya injini, na kabureta na viungo vyote huangaliwa kama vinavuja.
5. Injini hupimwa ikiwa majini, kwanza kwa mwendo mdogo, kisha kwa kasi kamili na mzigo. Ikikosa mafuta, shinikizo huongezwa kidogo kidogo, bila kupita kiwango cha kitabu.
6. Nati ya kufungia skrubu hukazwa na uvujaji hukaguliwa tena.

Dalili za makosa

Shinikizo likizidi, petroli humwagika kutoka kwenye kabureta, plagi hulowa, moshi huongezeka na injini huwa ngumu kuwaka. Katika injini ya mipigo minne, petroli inaweza kushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi, hivyo vyuma husagika.

Shinikizo likipungua, injini hukohoa au kupoteza nguvu kwa kasi kubwa. Injini ya mipigo miwili inayotumia petroli iliyochanganywa na oili huumia zaidi, kwa sababu ikikosa petroli hukosa pia oili ya kulainisha.

Moshi mwingi hauna maana kwamba shinikizo ndilo kosa. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10. Injini iliyopangwa kwa matumizi ya baharini inaweza kupata petroli nyingi mno kulingana na hewa yake. Dawa yake ni jeti zinazofaa. Kupunguza shinikizo hakusaidii, kwa sababu maadamu kina cha mafuta bakulini ni sahihi, jeti ndizo zinazopima petroli inayoingia kwenye injini.

Usalama

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya chombo, na cheche moja hutosha kuuwasha. Tofauti na pampu ya asili, pampu ya umeme huendelea kusukuma mafuta hata injini ikizimika au mpira ukikatika. Kwa boti zenye injini ya petroli iliyofungwa ndani, kanuni za Marekani zinataka pampu ya umeme ifanye kazi tu wakati injini inazunguka au inawashwa.

Kanuni hiyo inafaa kufuatwa hata kwenye mtumbwi. Pampu huunganishwa kupitia rilei inayokata umeme injini inaposimama. Kamba ya usalama ya nahodha nayo inapaswa kuzima injini na pampu kwa pamoja. Waya huwekewa fyuzi, na betri hufungwa imara, mbali na tangi. Chombo kinachotegemea betri hiyohiyo kwa taa za dagaa kinahitaji kubakiza umeme wa kukirudisha pwani.