Mzee ameanza kusahau? Usimnyang'anye kazi ya mikono

Chukua mfano wa bibi mmoja wa Pwani. Asubuhi hii ameuliza swali lilelile mara tatu. Jana alipotea hesabu ya miaa kwenye ukili anaousuka, ikabidi afumue na kuanza upya. Watoto wake wakamwambia kwa nia njema kabisa: "Mama, weka chini hiyo kazi, sasa pumzika."

Nia ni nzuri, lakini ushauri huo unaweza kumnyima kitu ambacho ubongo wake unakihitaji sana wakati huu.

Kusahau kuna ngazi zake

Kila mtu husahau, hata kijana. Lakini kuna hatua ya kati ambayo familia nyingi huipuuza na kusema "ni uzee tu". Kumbukumbu ya mzee imepungua kuliko ya wenzake wa rika lake, na watu wa nyumbani wanaona. Hata hivyo bado anajipikia, anakwenda sokoni na chenji anahesabu mwenyewe.

Akifikia kushindwa kuendesha maisha ya kila siku bila msaada, hapo ndipo madaktari huzungumzia demensia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia duniani, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Habari njema ni kwamba si kila aliye kwenye hatua ya kati hufika huko. Wengine hubaki hapo kwa miaka, na wapo ambao hali yao hurudi kuwa nzuri.

Utafiti unaonyesha nini?

Nchini Singapore, watafiti waliwafuatilia wazee 68 wenye tatizo dogo la kumbukumbu. Kundi moja lilifanya sanaa na kuizungumzia kwa pamoja. La pili lilisikiliza muziki na kukumbushana ya zamani, na la tatu likaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi 3, kumbukumbu za waliofanya sanaa zilikuwa zimeimarika kuliko za kundi la huduma ya kawaida. Hata ilipotimia miezi 9, nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.

Huko Texas, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha watu wa miaka 60 hadi 90 ambao hawakuwa na tatizo hilo. Waliojifunza kupiga picha kwa kamera ya kidijitali au kushona mashuka ya viraka, kama saa 15 kwa wiki kwa miezi 3, waliboresha kumbukumbu zao. Waliokutana kupiga soga na kutembea tu hawakupata faida hiyo kwa kiwango kilekile.

Tafiti hizi ni ndogo, na sanaa si dawa ya kuponya. Ila zinatoa fundisho moja: inayosaidia zaidi ni kazi inayomfanya mzee ajifunze na afikiri. Kukaa tu mbele ya televisheni hakutoshi.

Anza na anachokipenda

Huhitaji vifaa vya bei. Jaribu haya:

• Kusuka na kufuma. Ukili unataka kuhesabu, kupanga rangi na kukumbuka ulipoishia. Kama mzee amezoea nakshi moja, mletee nyingine mpya.

• Hadithi na vitendawili. Mwambie atege, wajukuu wategue. Kisha mwombe atunge kimoja kipya. Mrekodi kwa simu, halafu msikilize pamoja.

• Kuimba. Iwe kwaya, kaswida au taarabu, zile za zamani zitamfurahisha. Ongeza na wimbo mmoja ambao hajawahi kuuimba.

• Kuchora na kufinyanga. Karatasi na penseli za rangi zinatosha. Udongo nao haugharimu kitu.

Kazi iwe ngumu kidogo, isiwe ya kumkatisha tamaa. Fanyeni kwa muda mfupi, lakini mara kwa mara, na ikiwezekana pamoja na wenzake. Akikosea usimkaripie wala usimwambie "si nimekuambia sasa hivi?" Aibu ndiyo huwafanya wazee wengi waache kabisa. Angalia pia miwani yake na masikio yake, kwani asiyeona au asiyesikia vizuri hujitenga haraka.

Hospitali usiiruke

Kabla ya kuhitimisha kwamba ni uzee, mpeleke akapimwe. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na hata baadhi ya dawa vinaweza kuleta usahaulifu, na vyote hivyo vina namna ya kushughulikiwa. Presha na kisukari navyo vidhibitiwe. Ripoti ya jopo la wataalamu wa jarida la Lancet ya mwaka 2024 inasema karibu asilimia 45 ya visa vya demensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kudhibiti mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, usikivu hafifu na upweke.

Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukakosa nguvu, usisubiri kesho. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi, mkimbize hospitali mara moja.

Na kusahau si kurogwa, wala mzee anayesahau si mchawi. Ni hali ya kiafya.

Kwa hiyo bibi akipotea tena hesabu ya miaa, usimnyang'anye ukili. Kaa pembeni yake, hesabuni pamoja, kisha mwambie akufundishe. Huenda mkeka usinyooke vizuri, lakini kazi ya kufikiri itakuwa imefanyika.