Kruzi Kontroli Ikigoma, Anza na Taa za Breki

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuongee gari. Najua kuna watakaouliza: bwana shamba na umeme wa magari wapi na wapi? Lakini tikiti halijipeleki sokoni. Kutoka hapa Nyakato, hii yetu ya Musoma siyo ile ya Mwanza, hadi Mwanza mjini ni zaidi ya kilomita 200. Gari likikuangusha njiani, faida ya msimu mzima inaishia hapo.

Kijana mmoja anayelima matikiti alinifuata akiwa na mawazo. Ana pikapu ya mtumba kutoka Japani, gia za mkono, yenye kruzi kontroli, yaani ule mtambo unaoshikilia spidi bila wewe kukanyaga mafuta. Ilikuwa imegoma wiki mbili. Ukibonyeza kitufe, taa ya kruzi inawaka kwenye dashibodi, ila spidi haishikiki. Gereji moja ilimwambia kontroli boksi imekufa, atafute hela ya nyingine. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya mbegu. Alikuja kuniuliza kama akope.

Nikamwambia, tulia kwanza. Nikasimama nyuma ya gari, nikamwambia kanyaga breki. Hakuna taa hata moja iliyowaka.

Hebu fikiria. Wiki mbili alikuwa anaondoka saa tisa usiku na mzigo umejaa, lori linamfuata nyuma, na dereva wa lori hana namna ya kujua kwamba pikapu inasimama. Kugoma kwa kruzi ndiyo ilikuwa dalili pekee aliyopata akiwa kwenye usukani, na yeye aliiona kama tatizo la starehe tu.

Kwa nini kruzi inategemea taa za breki

Juu ya pedeli ya breki kuna swichi ndogo. Kwenye magari mengi swichi hiyo ina njia mbili za umeme. Ya kwanza inafunga ukikanyaga, inapeleka umeme kwenye taa za breki na kuitaarifu kompyuta. Ya pili inafanya kinyume: inapitisha umeme muda wote, ukikanyaga inakata. Kompyuta inalinganisha majibu ya njia zote mbili. Yasipolingana, haijui kama umekanyaga au hujakanyaga, kwa hiyo inakataa kushika spidi. Na ni sawa ikatae, maana kruzi isiyosikia breki ni hatari.

Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Ni kama nyanya inaponyauka. Hukimbilii kununua dawa. Unakata shina, unalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, unaangalia kama linatoa ute mweupe kama maziwa. Ukiuona, ni mnyauko wa bakteria. Pima kwanza, nunua baadaye.

1. Hakikisha kruzi ina haki ya kukataa. Magari mengi hayakubali chini ya kilomita 40 hivi kwa saa. Kama ulikuwa unajaribu kwenye matuta ya Bunda mjini, gari halina kosa.

2. Mtu akae nyuma, wewe kanyaga breki. Kama taa zote haziwaki, ikiwemo ile ya juu ya katikati kama ipo, angalia fyuzi kisha swichi. Kama imekufa moja, badilisha balbu, maana kuna magari ambayo balbu moja mbovu inatosha kuzima kruzi. Kama zinawaka muda wote hata hujakanyaga, swichi imekwama, au kale kaplastiki kwenye pedeli kanakosukuma swichi kamepukutika. Hapo kompyuta inadhani uko kwenye breki, na betri nayo utaikuta imeisha asubuhi. Kwa gari la otomatiki, swichi ya breki ikifa mara nyingi gia inagoma kutoka kwenye P.

3. Pima fyuzi kwa testa au mita, usiiamini kwa macho. Ikiwa imekata, weka nyingine ya ampea zilezile. Usiweke waya wala karatasi ya sigara! Ikikata tena, kuna shoti mahali.

4. Pima swichi. Umeme unaoingia uwe kama volti 12. Ukikanyaga, upande wa taa upate umeme na upande wa pili ukatike. Ukiachia, kinyume chake. Kwa gia za mkono pima na swichi ya klachi, nayo ina kazi ya kuzima kruzi.

5. Kama hapo kote ni kuzima, ndipo uende kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kodi. Kodi P0571 inaelekeza kwenye umeme wa swichi ya breki, P0500 inaelekeza kwenye sensa ya mwendo. Ila kumbuka, kodi inakuonyesha njia yenye shida, haikwambii ununue kifaa gani. Taa ya ABS ikiwa inawaka, sensa za magurudumu zikaguliwe, hasa kama gari linaingia kwenye matope ya shamba. Honi ikiwa imekufa na taa ya eabegi inawaka, mshukiwa ni ule waya wa kujiviringisha chini ya usukani. Huo usiuguse mwenyewe, eabegi inaweza kulipuka usoni.

Kontroli boksi ni ya mwisho kabisa kushukiwa. Fundi akianza nayo bila kupima chochote, mshukuru uondoke.

Tulichokuta

Fyuzi ya taa za breki ilikuwa imekata. Tukaweka mpya, akakanyaga, ikakata palepale. Tukafuata waya hadi nyuma. Waya wa soketi ya tela ulikuwa umelegea, umesuguana na chesisi mpaka shaba ikaonekana. Tukaukata ule ulioharibika, tukaunga vizuri, tukaufunga mbali na chuma. Fyuzi ikakaa, taa zikawaka. Tulipotoka na gari barabarani, kruzi ikashika. Hela ya mbegu ikabaki kuwa ya mbegu.

Sasa kruzi ikishapona, usiitumie kila mahali. Kuanzia Bunda kwenda Lamadi barabara inapita jirani na Serengeti, nyani na wanyama wengine wanakatiza, na ng'ombe wa wafugaji wako kote mkoani. Kwenye makazi, kwenye mvua na kwenye mifugo, mguu wako ndio uongoze.

Na kila siku ya kupakia, kabla hamjafunga turubai, mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma aangalie. Ni dakika moja, haina gharama. Wiki ijayo tunarudi shambani.