Maharage Hayali LUKU: Kweli na Si Kweli za Jikoni Kariakoo

Nyumba ya kupanga Kariakoo: vyumba sita, mita moja ya umeme wa LUKU, wa kulipia kabla. Mpangaji mpya husomewa masharti kabla ya kupewa ufunguo: pasi kwa zamu, jiko la umeme marufuku. Ukiuliza sababu, unaambiwa umeme "unakula". Tuyapime yanayosemwa koridoni.

"Kuchemsha maharage kwa umeme ni kufilisika."
SI KWELI. Mlaji ni jiko la koili, linalomwaga joto ukutani. Jiko la presha la umeme hufungia mvuke ndani; presha ikipanda hukata umeme lenyewe, kisha huwaka kidogo kidogo. Nusu kilo ya maharage yaliyolala majini huiva kwa takribani nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 10,000 huleta uniti kama 28. Piga hesabu: sufuria hiyo haifiki shilingi 200. Pagumu ni kulinunua jiko lenyewe.

"Mkaa mbadala hauna moshi, pikia hata chumbani."
SI KWELI, na huua. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki. Jiko likae penye hewa. Halafu uliza mkaa huo umetokana na nini. Wa chenga za mkaa na vifuu vya nazi huokoa miti. Mwingine ni makaa ya mawe.

"Bila moto chakula hakiivi."
SI KWELI. Chukua kapu, lijaze vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Wali ukishachemka dakika tano, bana mfuniko, zika sufuria humo, funika kwa blanketi. Baada ya saa moja hivi, pakua. Maharage yataka kuchemka barabara nusu saa kwanza, maana uvuguvugu hauondoi sumu ya maharage mabichi.

"Jua la Dar linatosha kila jiko."
NUSU KWELI. Maghorofa yamelikinga, uani jua hupita saa chache tu. Mwenye paa bapa atapika mchana kwa jiko la jua, lakini chai ya alfajiri ataitafutia moto mwingine.

"Nishati safi ya kupikia ni mambo ya matajiri wa Masaki."
SI KWELI. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Hesabu hiyo haitimii bila nyumba za vyumba sita. Basi wenye nyumba waanze na yale masharti: koili marufuku, presha ruksa, kwa zamu kama pasi.