Tandiko la chura katika mji wa shaba

Anayetaka kufuga chura kwenye tangi la kioo mjini Likasi, kusini mwa Kongo, ana swali ambalo mwenzake wa Tanga hajiulizi: udongo wa kutandika autoe wapi? Mji wa Likasi, ambao zamani uliitwa Jadotville, umekua kwa shaba na kobalti. Lakini shaba ilikuwamo ardhini kabla ya kiwanda chochote. Kote Katanga kuna vilima ambavyo miti ya miombo haivipandi. Juu yake huota nyasi na mimea michache iliyozoea sumu, kama Haumaniastrum katangense. Mwaka 1963 wataalamu wa Ubelgiji, Paul Duvigneaud na Simone Denaeyer-De Smet, walichapisha utafiti mpana juu ya shaba na uoto wa Katanga. Hata udongo wa kichuguu, ambao wengi wangeukimbilia kwa usafi wake, una mashaka. Mchwa huupandisha kutoka chini sana, na ndiyo maana wanajiolojia huchukua sampuli za vichuguu wanaposaka madini yaliyojificha.

Chura hanywi maji kwa mdomo. Hujikalisha penye unyevu, na ngozi laini ya chini ya tumbo na mapajani ikafyonza. Ngozi hiyohiyo huvuta sodiamu kutoka kwenye maji ili damu isipungukiwe chumvi, na shaba iliyoyeyuka huvuruga kazi hiyo. Viluwiluwi, wanaopumua kwa matamvua, huumia upesi zaidi. Kinyonga na mjusi wana magamba, kwa hiyo hatari yao kubwa ni kumeza: ulimi unapomnasa panzi, hunasa na uchafu uliomshika.

Basi mfugaji hugeukia makumbi ya nazi. Mnazi hauwezi baridi ya Likasi, mji ulioko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo makumbi ni lazima yatoke mbali. Kwa kawaida huuzwa yakiwa matofali makavu yaliyoshindiliwa; tofali la gramu 650 likilowekwa huumuka na kujaza ndoo ya lita nane hivi. Kinachoumuka ni chenga laini zilizokuwa katikati ya nyuzi za kumbi. Hushika maji mara kadhaa ya uzito wake, na kwa kuwa zina lignini nyingi, huoza polepole mno.

Waswahili wa pwani wanazijua chenga hizo kama takataka. Wanawake wa Jambiani na Paje, kule Unguja, hufukia makumbi ufukweni, maji ya bahari yakayalowesha miezi kadhaa, kisha huyafukua na kuyaponda wapate usumba wa kusokota kamba. Chenga hudondoka na kuachwa. Kwa kamba, maji ya chumvi hayana neno. Kwa chura, chumvi ile ni balaa: badala ya tandiko kumpa maji, linamnyonya. Hata makumbi ambayo hayajagusa bahari yana potasiamu na sodiamu za mnazi wenyewe. Wakulima wa maua huyasuuza kwa kalisiamu naitreti ili kalisiamu ichukue nafasi ya chumvi hizo; mfuga chura asiguse dawa hiyo, asuuze kwa maji baridi, amwage, arudie mpaka maji yatoke karibu meupe.

Maji gani, lakini? Hapa ndipo Likasi inapokuwa mtihani. Chenga za makumbi zina chaji hasi zinazonasa metali, na uwezo huo umechunguzwa kama njia rahisi ya kuondoa shaba kwenye maji machafu. Ukizisuuza kwa maji ya kijito kinachopita chini ya rundo la mabaki ya machimbo, zitaachia sodiamu na kushika shaba. Utakuwa umelipia tandiko safi ulichafue mwenyewe. Mimi ningetumia maji ya mvua, na yale ya kwanza yanayoosha vumbi la bati ningeyaacha yapite.

Makumbi hayamfai kila mnyama. Mijusi wa penye ukavu hupata kero: yakikauka hutoa vumbi linaloingia machoni na puani. Kinyonga jike anayetaka kutaga huchimba handaki, na chenga tupu humporomokea, kwa hiyo huchanganywa na mchanga uliooshwa (wa mto usiotoka machimboni, tafadhali). Chura mlafi anayerukia chakula kwa kinywa wazi asitandikiwe nyuzi ndefu, kwani huziba utumbo. Afunikiwe chenga kwa majani makavu.

Tandiko lililochakaa nalo lisitupwe mtoni. Kuvu wa kitridi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1999, husafiri kwa unyevu na ameangamiza amfibia katika mabara kadhaa. Kwenye korongo la Kihansi, Tanzania, aligunduliwa mwaka 2003 wakati vyura wadogo wa huko walipokuwa wakitoweka, baada ya bwawa la umeme kuwanyima manyunyu ya maporomoko. Waliosalia ni kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani kabla ya hapo. Walirejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010 na korongoni mwaka 2012. Kuvu huyo hastahimili ukavu. Anika tandiko la zamani juani siku kadhaa hadi likauke kabisa, ndipo ulimwage shambani.