Mikopo Chechefu: Mwenye Hisa Atazame Nini?

Kila baada ya miezi mitatu mabenki yetu huchapisha hesabu zake magazetini. Wasomaji wengi huzipita kurasa hizo upesi, kwa kuwa zimejaa tarakimu ndogondogo. Lakini tangu hisa za NMB zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, na za CRDB mwaka uliofuata, mfanyakazi wa Kilosa aweza kuwa mwenye benki sawa na tajiri wa Dar es Salaam. Yampasa basi aelewe mstari wa mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamechelewa zaidi ya siku 90.

Tuchukue mfano wa mkulima wa miwa wa Ruhembe, jirani na Mikumi, aliyekopa kwa kutegemea malipo ya kiwanda. Mvua zikizidi, miwa haivunwi na deni halilipwi. Mkulima huyo si mwizi. Wenyeji wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyobomoa nyumba na reli. Lakini kanuni haiulizi sababu, huhesabu siku. Na tangu mwaka 2018 benki hutakiwa kutenga fedha mapema, mara hatari inapoonekana. Fedha hizo hukatwa katika faida, na gawio hupungua.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Benki yaweza kumpa mdaiwa mkopo mpya ili alipe wa zamani, vitabu vikaonekana safi. Na deni bovu halitoweki kwa kunyamaziwa. NBC, iliyoundwa mwaka 1967, ilivikopesha kwa miaka mingi vyama vya ushirika na mashirika ya umma ambayo hayakuweza kulipa. Mwaka 1991 ilibidi kiundwe chombo maalumu, LART, kukusanya madeni hayo. Mwaka 1997 benki yenyewe ikagawanywa. Mzigo ulibebwa na umma.

Benki Kuu huhesabu asilimia 5 kuwa kikomo cha kuvumilika. Uwiano ukishuka, tuulize umeshukaje. Deni lililofutwa vitabuni hutoka katika hesabu hiyo, ingawa mdaiwa bado anadaiwa. Tena, benki inayokopesha kwa kasi huonekana safi kwa muda, kwani mikopo mipya haijapata nafasi ya kuharibika. Kwa maoni yangu, benki inayokiri asilimia 4 na kutenga fedha za kutosha ni afadhali kuliko inayotangaza 2 bila kueleza ilichofuta. Maelezo hayo hupatikana katika taarifa ya mwaka, ambayo mwenye hisa, hata mwenye hisa kumi tu, ana haki ya kuisoma kabla ya mkutano mkuu na kuihoji mkutanoni.