Leza ya kukatia: namba 1 kwenye kibandiko ina maana gani?

Mashine za leza za kukatia mbao, plastiki na chuma hutumika leo hata katika karakana ndogo za mihuri na mabango. Kibandiko cha mashine huonyesha daraja la usalama. Je, kijana wako anayefanya kazi hiyo anajua maana yake?

Madaraja hayo hufuata kanuni ya kimataifa iitwayo IEC 60825-1. Kinachopimwa ni miale inayoweza kumfikia mtu: nguvu yake, urefu wa wimbi lake na muda wa kuipata. Daraja la 1 halidhuru katika matumizi ya kawaida. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana, usiozidi miliwati 1. Hapo jicho hujikinga kwa kupepesa, yaani katika robo ya sekunde. Baada yake huja 3R, kisha 3B. Ukivuka nusu wati, umefika daraja la 4: huunguza jicho na ngozi, huwasha moto, na hata mwale uliogonga kitu ukatawanyika waweza kudhuru.

Sasa, leza ya kukatia yenye wati 40 ni ya daraja la 4. Mbona basi kibandiko kinasema 1? Kwa sababu leza imefungiwa ndani ya sanduku, na ipo swichi inayozima mwale mara kifuniko kinapofunguliwa. Usalama uko kwenye sanduku na swichi. Anayeifunga swichi kwa utepe ili aione kazi vizuri, amesimama mbele ya daraja la 4.

Leza ya kaboni dayoksaidi, ya nanomita 10,600, huunguza konea, sehemu ya mbele ya jicho. Leza ya faiba, takriban nanomita 1,064, haionekani, nayo hupenya hadi retina, nyuma ya jicho. Retina haihisi maumivu, na kovu lake huweza kubaki maisha. Miwani ya jua haisaidii. Inatakiwa miwani maalumu iliyoandikwa nanomita za leza hiyo.

Tukumbuke pia kuwa daraja halipimi moshi. Plastiki ya PVC ikikatwa kwa leza hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu, hivyo isikatwe kabisa.

Akiona doa au ukungu baada ya kazi, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Jicho halina spea.