Aliyetumwa Hurudisha Jibu

Juma lililopita, alfajiri, majirani wa Makadara walimuaga kijana aendaye ng'ambo kusoma. Nauli ilikuwa mchango wao. Bibi mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu, tumekutuma." Kwangu mimi mwanaisimu, kitenzi hicho kina uzito: msafiri aweza kulowea, bali aliyetumwa hurudisha jibu.

Mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani, nauli yao pia ikiwa ya michango. Wangari Maathai alifuata mwaka 1960, akarejea, akapanda miti.

Nami nilitumwa na mtaa huu. Baada ya shahada nilikawia huko miaka minne. Niliporudi, mama aliyenituma alikwisha kuzikwa. Wanafunzi wapenzi, nendeni salama, lakini msiwakawize wanaongoja jibu.